Bata Chini ya Matete Yenye Theluji: Maisha ya Mchoraji Utagawa Hiroshige (1797–1858)

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii huwa tunaitaja kwa wepesi, kana kwamba kila aliyecheza kwao alirejea nyumbani na tuzo mkononi. Makala haya yanamwangazia msanii aliyecheza kwao maisha yake yote. Aliuchora mji wake, njia za nchi yake, mvua yake, theluji yake na ndege wake, akapata sifa mjini na mikoani. Lakini alipokuwa akikata roho, wosia wake ulihusu deni na nyumba iliyopasa kuuzwa ili deni hilo lilipwe. Msanii huyo ni Utagawa Hiroshige, Mjapani aliyezaliwa mwaka wa 1797 na kufariki mwaka wa 1858.

Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa Kiswahili ana haja gani na mchoraji wa Kijapani. Jibu la swali hilo linajengwa juu ya kazi yake moja ndogo. Ni chapa ya ubao iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1830, yenye urefu wa takriban sentimita 38 na upana wa sentimita 17 hivi. Ndani yake yumo bata mwitu mmoja anayeogelea. Juu yake yameinama matete yaliyolemewa na theluji, chini yake mna maji ya rangi ya buluu, na kando yameandikwa maneno machache ya shairi fupi. Hakuna mtu, mashua wala mlima. Hata hivyo, anayeitazama kwa utulivu huhisi baridi, husikia kimya na hutambua kwamba maji yanasogea. Je, mtunzi alitumia mbinu gani kuyasema mengi hivyo kwa machache hivyo? Na je, mtunzi wenyewe ni nani hasa? Maswali haya mawili tunakutana nayo kila siku katika ushairi wetu, na maisha ya Hiroshige yanatusaidia kuyatafakari.

Mtoto wa zimamoto

Hiroshige alizaliwa katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Wakati huo Edo ulikuwa makao ya Shogun, mtawala wa kijeshi aliyeshika hatamu za nchi, ilhali Mfalme aliishi Kyoto bila mamlaka makubwa. Mji huo ulikuwa na wakazi wapatao milioni moja, nyumba zake nyingi zikiwa za mbao na karatasi. Si ajabu, basi, kwamba moto ulikuwa adui wake mkuu. Baba yake, Ando Gen'emon, alikuwa samurai wa daraja la chini katika kikosi cha zimamoto kilichoilinda ngome ya Shogun. Kazi hiyo ilirithiwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Posho yake ilikuwa ndogo, ila ilikuwa na faida mbili: heshima ya kuwa samurai, na muda mwingi wa kukaa bure siku ambazo hapakuwa na moto.

Mwaka wa 1809 nyumba hiyo ilipatwa na msiba juu ya msiba. Mama alifariki. Baba akajiuzulu na kumwachia mwanawe kazi, naye akafariki kabla ya mwaka kwisha. Hivyo, mtoto wa miaka kumi na miwili akajikuta yatima na mtumishi wa Shogun kwa wakati mmoja, akiwa na wajibu wa kuuzima moto katika mji uliowaka kila mara. Hatuna budi kulikumbuka jambo hili tunapozisoma kazi zake za baadaye. Mtu aliyelelewa kambini mwa wazima moto ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa kuchora maji: mvua, mito, bahari, ukungu na theluji. Pamoja na hayo, ni vyema tujihadhari tusije tukaifanya sadfa hii kuwa hoja. Nitalirejelea suala hilo baadaye.

Mnamo mwaka wa 1811 hivi, kijana huyu alianza kutafuta mwalimu wa uchoraji. Inasimuliwa kwamba kwanza alibisha hodi kwa Utagawa Toyokuni, mchoraji mashuhuri wa waigizaji, akakataliwa kwa sababu wanafunzi walikuwa wamejaa. Akapokelewa na Utagawa Toyohiro, mwalimu mpole ambaye jina lake halikuvuma sana na ambaye alipenda mandhari kuliko nyuso za waigizaji. Mwaka uliofuata, 1812, alipewa idhini ya kutumia jina la ukoo wa sanaa. Jina hilo lilifumwa kwa nyuzi mbili: hiro lilitoka kwenye jina la mwalimu, na shige lilitokana na herufi iliyokuwemo katika jina lake mwenyewe. Tangu hapo akawa Utagawa Hiroshige. Kwa mintarafu hii, kukataliwa kwake mlangoni pa kwanza huenda kulikuwa heri. Kama angepokelewa kwa Toyokuni, yamkini angebaki kuwa mchora waigizaji mmoja miongoni mwa wengi.

Miaka ya kujitafuta

Sanaa aliyoingia Hiroshige huitwa ukiyo-e, yaani picha za ulimwengu unaoelea, ulimwengu wa starehe na mambo ya kupita. Wateja wake walikuwa wafanyabiashara wadogo, mafundi, watumishi na wasafiri. Chapa moja ya kawaida iliuzwa kwa bei iliyokaribia ile ya bakuli la tambi. Kwa hiyo haikuwa sanaa ya majumba ya watawala, bali ya watu wa barabarani. Mtu aliweza kuinunua, kuibandika ukutani, na ikichakaa akaitupa.

Kwa takriban miaka ishirini Hiroshige alichora kile kilichouzika: waigizaji, wanawake warembo na mashujaa wa vita. Kazi hizo hazikumpa jina kubwa. Wakati huo wote aliendelea na kazi ya zimamoto. Mwaka wa 1821 alioa binti wa samurai mwenzake katika kikosi hichohicho. Mwaka wa 1823 alianza kumkabidhi jamaa yake wadhifa wake, na mwaka wa 1832 wadhifa huo ukahamia kabisa kwa Nakajiro. Hapo ndipo alipobaki na kalamu yake tu. Mtu wa miaka thelathini na mitano aliyekuwa na posho ya uhakika, ingawa ndogo, aliamua kula kwa jasho la sanaa.

Mabadiliko mawili yalimsaidia. La kwanza lilikuwa rangi. Rangi ya buluu iliyovumbuliwa Berlin katika karne ya kumi na nane ilikuwa imeanza kupatikana Japani kwa wingi na kwa bei nafuu kuelekea mwaka wa 1830. Rangi hiyo haikupauka haraka kama zile za mimea, na iliweza kukolezwa au kufifishwa bila kuharibika. Kwa mchora maji na mbingu, hiyo ilikuwa neema. La pili lilikuwa mfano wa mzee Katsushika Hokusai, ambaye mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1830 alitoa mfululizo wake wa picha za mlima Fuji na kuthibitisha kwamba watu wako tayari kununua mandhari.

Mwaka wa 1833 hadi 1834 Hiroshige alitoa mfululizo wa vituo hamsini na vitatu vya Tokaido, barabara kuu ya kutoka Edo hadi Kyoto, yenye urefu wa karibu kilomita 500. Picha zenyewe ni hamsini na tano, kwa sababu aliongeza daraja la kuanzia safari na mji wa kuishilizia. Inasemekana kwamba mwaka wa 1832 alisafiri katika msafara rasmi uliopeleka farasi wa Shogun kwa Mfalme, ingawa wapo wataalamu wanaotilia shaka safari hiyo. Ama alisafiri, ama alitumia vitabu vya wasafiri, picha zile ziliwafanya wanunuzi waone kwamba wamesafiri wao. Mojawapo ya picha hizo inaonyesha kijiji cha Kambara kikiwa kimefunikwa na theluji nzito usiku, ilhali Kambara iko katika ukanda wa pwani wenye joto kiasi, ambako theluji kama ile ni nadra. Wasomi wamebishana kuhusu jambo hili. Kwa mtazamo wangu, ubishi huo unafanana na ule wa kumshtaki mshairi kwa kuwa mwezi wake haukuandama usiku alioutaja. Hiroshige hakuwa mpimaji wa ardhi. Alichokitafuta ni ukweli wa hali, wala si ukweli wa ramani.

Bata na shairi

Katika miaka hiyohiyo aliyoitoa Tokaido, Hiroshige alichora mamia ya chapa za ndege na maua. Aina hii ya sanaa ilitoka China karne nyingi kabla yake na ilikuwa na kanuni zake. Ndege fulani huambatana na ua fulani au msimu fulani, na mchoraji asiyezijua kanuni hizo huonekana mshamba. Nyingi katika chapa hizi zimechapwa kwenye karatasi nyembamba na ndefu, kwa umbo la vipande ambavyo Wajapani walizoea kuvitumia kuandikia mashairi. Umbo lenyewe, basi, linamwambia msomaji kwamba anakaribia kusoma ushairi.

Na ushairi umo. Kando ya bata wetu pana haiku, utungo wa mizani kumi na saba zilizogawanywa katika vipande vya mizani tano, saba na tano. Haiku haina vina. Badala yake ina sharti la neno la msimu. Neno bata mwitu, kwa kawaida ya haiku, ni neno la majira ya baridi, kwa kuwa bata hao hushuka kutoka nchi za kaskazini wakati wa mapukutiko na kukaa katika mito na mabwawa ya Japani hadi baridi imalizike. Msomaji wa Edo hakuhitaji kuelezwa. Alipomwona bata na theluji alijua ndege huyu ni msafiri aliyetoka mbali, na kwamba atarudi alikotoka.

Tuitazame sasa picha yenyewe kama tunavyolitazama shairi. Jambo la kwanza ni theluji. Theluji ile haikuchorwa. Ni karatasi tupu iliyoachwa bila rangi, na macho yetu ndiyo yanayoigeuza kuwa theluji kwa sababu ya kijivu na buluu iliyoizunguka. Kitu kizito kuliko vyote katika picha, kile kinachoyainamisha matete, kimetengenezwa kwa kutofanya chochote. Jambo la pili ni maji. Maji hayana mawimbi ya fujo. Buluu inakolea mahali na kufifia mahali, na kufifia huko ndiko kunakotupa kina. Jambo la tatu ni bata mwenyewe. Hakuwekwa pale kama pambo. Yu safarini ndani ya mpaka mwembamba wa karatasi, na matete yaliyoinama juu yake yanamfunika kama paa. Kitu kilekile kinacholemewa ndicho kinachomhifadhi. Hii ni taswira, tena taswira pevu, ingawa haikusemwa kwa neno lolote.

Wajapani walikuwa na desturi ya kuchora bata wa aina nyingine, wale wenye rangi nyingi, wakiwa wawiliwawili dume na jike kama ishara ya uaminifu katika ndoa. Bata wetu yuko peke yake. Hapa ndipo lilipo lile tego nililolitaja awali. Tunajua kwamba Hiroshige alikuwa yatima. Tunajua kwamba mke wake wa kwanza alifariki kuelekea mwisho wa miaka ya 1830, na kwamba Nakajiro alifariki mwaka wa 1845. Masimulizi yanaongeza kuwa mke huyo aliwahi kuuza nguo na vitana vyake ili kugharimia safari za mumewe za kuchora. Ni rahisi mno kusema kwamba bata mpweke ni Hiroshige mwenyewe aliyefiwa. Lakini tarehe zinatukatalia. Chapa ilitoka kabla ya misiba hiyo miwili. Aidha, aina hii ya picha ilikuwa na soko lake, na mchapishaji ndiye aliyeagiza. Mhakiki anayeyatumia maisha ya mtunzi kuifungua kazi yake hana budi kuangalia kalenda kwanza, la sivyo atakuwa anatunga hadithi yake mwenyewe na kuiita uhakiki. Kosa hili limetendwa mara nyingi katika uhakiki wa mashairi yetu pia, ambapo kila nafsineni huchukuliwa kuwa mtunzi mwenyewe, na kila kilio kuwa kilio cha nyumbani kwake.

Mikono isiyotajwa

Swali la pili tulilouliza lilihusu mtunzi ni nani. Chapa ina sahihi ya Hiroshige. Lakini Hiroshige hakuuchonga ubao, wala hakuupaka rangi, wala hakuichapa karatasi. Utaratibu ulikuwa hivi. Mchapishaji, ambaye alikuwa mwenye mtaji, aliagiza kazi. Mchoraji alichora mistari kwa wino kwenye karatasi nyepesi. Karatasi hiyo ilibandikwa kifudifudi kwenye ubao wa mti wa cheri, mti mgumu wenye chembe laini, kisha fundi mchongaji akauchonga ubao kwa kuiacha mistari ikiwa imeinuka. Mchoro wa asili uliangamia hapohapo, ukakatwa pamoja na ubao. Ubao huo wa kwanza ulitoa nakala za mistari, mchoraji akaonyesha rangi ipi iende wapi, na kila rangi ikachongewa ubao wake. Alama mbili ndogo pembeni mwa kila ubao zilihakikisha kwamba karatasi inakaa mahali palepale kila inapolazwa. Hatimaye fundi wa kuchapa alipaka rangi, akalaza karatasi iliyotengenezwa kwa maganda ya mforosadi, akaisugua kwa kisuguo cha mviringo kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi.

Ile buluu inayofifia tuliyoisifu ilitoka kwenye mkono wa fundi huyo wa mwisho. Kwa kila karatasi alilazimika kuipangusa rangi ubaoni kwa makadirio yake mwenyewe, hapa aiache nzito, pale aiache nyepesi. Ndiyo sababu nakala mbili za picha moja hazilingani kabisa. Kadhalika, katika chapa nyingi za ndege, manyoya yalipewa umbile kwa kuikandamiza karatasi kwenye ubao usio na rangi, hata mtu akipitisha kidole huuhisi mwinuko. Ufundi huu haupatikani katika picha za vitabuni. Mwandishi wa makala haya, ambaye ameziona chapa hizi vitabuni tu, anakiri kwamba kuna sehemu ya kazi ambayo bado hajaisoma.

Mara chache jina la mchongaji lilitiwa pembezoni. La fundi wa kuchapa ni nadra zaidi. Tunasema bata wa Hiroshige, na waliompa bata huyo maji yake hatuwajui. Wasomaji wa Kiswahili hawapaswi kulishangaa jambo hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban 1776 hadi 1840 na hivyo kuwa wa zama moja na Hiroshige, hakutuachia diwani aliyoichapisha mwenyewe. Tungo zake zilitufikia kwa kukaririwa na kunakiliwa, na kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyezikusanya na kuzieleza pamoja na W. E. Taylor, kabla hazijachapishwa kama diwani mwaka wa 1940. Jina kwenye jalada ni la Muyaka, na haki ni yake. Lakini bila wale waliokariri na kunakili, leo tusingekuwa na la kujadili. Kumtaja fundi hakumpunguzii mtunzi chochote.

Umaarufu, mkate na lawama

Baada ya Tokaido, Hiroshige hakukosa kazi. Alichora mandhari za ziwa la Omi, akaukamilisha mfululizo wa vituo sitini na tisa vya njia ya Kiso ulioanzishwa na Keisai Eisen, akairudia Tokaido mara nyingi kwa maumbo tofauti. Kati ya mwaka wa 1841 na 1843 serikali ya Shogun ilitoa sheria kali za kubana anasa, na picha za waigizaji na makahaba zikapigwa marufuku. Mandhari na ndege hazikuwa na kosa, hivyo mchora mandhari alinusurika pale ambapo wenzake walitaabika.

Hata hivyo, si haki kumsifu bila kumpima. Kwa makadirio, Hiroshige alibuni maelfu ya picha katika maisha yake. Zipo zilizofanywa kwa haraka, zipo zinazojirudia, na zipo ambazo mchapishaji alibana gharama kwa kupunguza rangi. Wapo waliomlaumu kwamba aliigeuza sanaa yake kuwa kitoweo. Lawama hiyo ina ukweli, lakini ukweli nusu. Aliyeacha posho ya serikali hakuwa na mfadhili wa kumlisha kati ya picha moja na nyingine. Kazi yake iliuzwa kwa bei ya tambi, na mchapishaji ndiye aliyechukua sehemu kubwa. Ili ale, ilimbidi achore. La kushangaza si kwamba alitoa kazi dhaifu, bali ni kwamba katika mbio hizo aliweza kusimama na kumtazama bata mmoja kwa makini kiasi kile. Tusiitumie njaa kama hoja ya kuidunisha sanaa ya mtu. Tuihukumu kazi moja moja kwa stahili zake.

Baada ya kufiwa na mke wa kwanza, Hiroshige alioa tena. Mke wa pili, Oyasu, alikuwa binti wa mkulima. Nyumbani kwao alilelewa binti aliyeitwa Otatsu, ambaye baadaye aliolewa na mwanafunzi wa Hiroshige, yule aliyekuja kulirithi jina la mwalimu na kujulikana kama Hiroshige wa pili.

Mji ulioanguka na kuinuka

Mwaka wa 1853 meli za kivita za Marekani ziliingia ghuba ya Edo na kuilazimisha Japani ifungue milango iliyokuwa imefungwa kwa zaidi ya karne mbili. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1855 tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji wa Edo. Maelfu waliangamia, na moto uliofuata ukateketeza mitaa mizima. Mtoto wa zimamoto, sasa akikaribia umri wa miaka sitini, aliushuhudia mji wake ukiwa majivu.

Mwaka wa 1856 alinyoa nywele na kuwa mtawa wa Kibudha, kama ilivyokuwa desturi ya wazee waliotaka kujitenga na mambo ya dunia. Lakini kalamu hakuiweka chini. Mwaka huohuo alianza mfululizo mkubwa wa mwisho, mandhari mia moja mashuhuri ya Edo, uliochapishwa na Uoya Eikichi na ambao ulivuka idadi hiyo ya mia. Wataalamu kadhaa wanauona mfululizo huu kama njia ya kuusimamisha tena mji ulioanguka, mahali baada ya mahali, jengo baada ya jengo.

Ndege na maji wanarudi humo kwa nguvu mpya. Katika picha moja ya mwaka wa 1857, korongo wawili wako katika bwawa la viunga vya mji: mmoja amesimama, mwingine anashuka kutoka juu akiijaza karatasi kwa mabawa yake. Katika nyingine ya mwaka huohuo, tai mkubwa ananing'inia angani juu ya maji na tambarare yenye theluji, macho yake yakitazama chini. Tukiwalinganisha ndege hawa na bata wa miaka ya 1830, tunauona mwendo wa maisha ya msanii. Bata alikuwa ndani ya dunia, amefunikwa na matete. Tai yuko juu ya dunia, anauona mji wote. Lakini mbinu ni ileile: weupe ni karatasi tupu, buluu ni ya kufifia, na kitu kimoja kilicho karibu hutuonyesha ukubwa wa kila kilicho mbali.

Mwaka wa 1858 kipindupindu kiliingia Edo na kuua watu kwa maelfu. Hiroshige alifariki tarehe 12 Oktoba mwaka huo, na wengi wanaamini kwamba gonjwa hilo ndilo lililomchukua. Mfululizo wake ulikuwa ukikaribia mwisho. Aliacha wosia ulioshughulikia deni na uuzaji wa nyumba. Alizikwa katika hekalu la Togakuji mtaani Asakusa. Rafiki yake Kunisada, ambaye wakati huo alitumia jina la Toyokuni, jina la yule mwalimu aliyemfungia mlango zamani, alichora picha ya ukumbusho. Inamwonyesha Hiroshige akiwa ameketi na kichwa kilichonyolewa, na tasbihi mkononi.

Hitimisho

Tuzo ilikuja, ila ilichelewa na ilipita mlango mwingine. Baada ya Japani kufunguliwa, chapa hizi zilifika Ulaya. Mwaka wa 1887, jijini Paris, Vincent van Gogh alinakili kwa rangi za mafuta mbili kati ya mandhari za Edo, moja ya mvua ya ghafla darajani na nyingine ya bustani ya miti ya maua. Leo chapa zilizouzwa kwa bei ya bakuli la tambi huhifadhiwa gizani katika makavazi makubwa ya dunia, kwa kuwa mwanga huzipausha, na hutolewa nje kwa muda mfupi tu.

Makala haya hayadai kwamba kila msanii maskini hatimaye hulipwa na historia. Wengi hawalipwi, na wachongaji wa Edo ni ushahidi. Yanachodai ni kitu kidogo zaidi, nacho kinatuhusu sisi tunaosoma na kufunza fasihi. Kwanza, utungo mfupi si utungo mdogo. Anayeijua kazi yake anaweza kuacha nafasi tupu, na nafasi hiyo ikabeba uzito wa utungo mzima. Pili, maisha ya mtunzi ni taa ya kumulikia kazi yake, lakini taa hiyo ishikwe na mtu anayejua tarehe. Tatu, sanaa ya watu wa kawaida, ile inayouzwa vibandani na kubandikwa ukutani hadi ichakae, inastahili macho yaleyale tunayowapa mabingwa waliomo vitabuni. Barabarani kwetu zimo kanga zenye maandishi, magari yenye misemo na vibanda vyenye michoro ambavyo mafundi wake hatujawauliza majina.

Yule bata bado anaogelea chini ya matete. Theluji haijaanguka kutoka kwenye majani, na maji hayajafika ukingo wa karatasi. Aliyemchora alikuwa na wateja wa kuwahudumia na nyumba ya kulisha, lakini siku hiyo alimtazama ndege. Mwanafunzi wa fasihi atakayeutazama utungo mmoja kwa makini ya namna hiyo, japo kwa siku moja, atakuwa ameanza kazi yake vyema.